Macho Mekundu Si Ushahidi
Methali yetu inasema mchawi mpe mwana kulea, nami naiona ina busara kuliko visa vyote vya ungo na bundi. Haisemi afukuzwe wala apigwe. Inataka anayeogopwa akabidhiwe kilicho cha thamani, awajibike nacho mbele ya wote. Kule Usukumani, Shinyanga na Mwanza, ngano ya bibi mwenye macho mekundu anayetembea na fisi usiku imegeuzwa hukumu. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa wekundu uliotokana na moshi wa kuni na samadi kavu, baada ya miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Na mara nyingi nyuma ya ramli ya mganga inayowataja kuna ugomvi wa shamba au mirathi, jambo linaloniuma zaidi. Sheria ya Uchawi ipo Tanzania tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini vikongwe wameendelea kuuawa. Watoto tuwasimulie ngano hizo, ni urithi wao. Ila wewe msomaji, mganga akikutajia jina la jirani yako, usilisambaze. Mripoti mganga huyo polisi siku hiyohiyo.