Gari Kubwa Likishuka Bei, Anayelipa Ni Nani?

Toyota Probox iliyochakaa viti na kupasuka bampa haikosi mnunuzi hapa Masimba, Kisii. Wanaoihitaji ni wengi: wa kubeba abiria hadi Keroka, wa kupeleka ndizi sokoni, wa kukimbiza mgonjwa usiku. Range Rover ya umri uleule, yenye viti vya ngozi na paa la kioo, inaweza kukaa miezi na mwenyewe akizidi kupunguza bei. Yote mawili yalipotoka kiwandani, bei ya Range Rover ingenunua Probox kadhaa. Miaka kumi baadaye pengo hilo limepungua sana, na kila anayejua magari huku Kisii anajua kwamba mwenye Probox ndiye aliyelala usingizi mzuri.

Ni rahisi kusema kwamba watu wa mashambani hawana pesa za magari ya kifahari. Maelezo hayo hayatoshi. Nchi hii ya Masaba ina majani chai, ina ndizi, ina watoto walioko Nairobi na Minnesota wanaotuma fedha nyumbani. Mnunuzi wa gari la mtumba hatazami tu bei ya leo. Anapiga hesabu ya gharama zitakazomfuata hadi nyumbani. Magari mengi ya kifahari huketi juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Kwenye lami laini mifuko hiyo ni raha tupu. Kwenye murram ya Masaba, inayonyeshewa karibu mwaka mzima, hupasuka, na gari huinama upande mmoja. Fundi wa hapa hana kompyuta ya kusoma hitilafu, spea haipatikani mjini Kisii, na ikipatikana Nairobi bei yake ni ile ya spea ya gari jipya hata kama gari lenyewe limezeeka. Hapo ndipo thamani inapoporomoka. Gari lilinunuliwa na mtu mwenye uwezo wa kulitunza, sasa linauzwa kwa watu wasio na uwezo huo, na wao wanajua.

Duniani kote gari jipya hupoteza takriban moja ya tano ya bei yake mwaka wa kwanza, na magari makubwa ya kifahari ya Ulaya hupoteza zaidi ya nusu katika miaka mitano. Ndiyo maana Mkenya huyapata Japani au Uingereza kwa bei inayoonekana ya kutupa. Japani kuna sababu nyingine pia: ukaguzi wa lazima wa gari huja baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na gharama zake huwasukuma wenyewe kuuza mapema. Sisi tunapokea gari lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515.

Kisha kodi inaingia. Ushuru wa forodha ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi cc 3000. Juu ya hayo yote kuna VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Piga hesabu kwa gari ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi milioni moja: likiwa na injini kubwa, kodi zinafikia karibu shilingi milioni 1.16, likiwa dogo, karibu shilingi 924,000. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Tena Mamlaka ya Mapato haiangalii risiti ya mnadani Japani, bali huanzia bei ya gari likiwa jipya nchini na kuipunguza kwa kadiri ya umri. Gari ambalo soko limelishusha haraka kuliko jedwali la serikali hulipiwa kodi ya thamani ambayo halina tena.

Swali la thamani lilifika bungeni mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni, na siku chache baadaye mswada wote ukaanguka baada ya vijana kuingia barabarani. Nilifurahi lilipoondolewa, lakini kosa lake kubwa halikuzungumzwa vya kutosha. Probox ya shilingi 500,000 ingelipa 12,500, yaani asilimia 2.5 kamili. Land Cruiser ya milioni 20 ingelipa 100,000, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Dereva wa Masimba anayetafuta karo kwa gari lake angebanwa mara tano zaidi, kwa kila shilingi ya thamani, kuliko mkubwa aliyefungiwa vioo vyeusi. Serikali ikirudi na kodi ya namna hiyo, dari hiyo ya shilingi 100,000 ndiyo ya kupingwa kwanza.

Mtu akitumia pesa zake kununua Mercedes-Benz na ikampotezea mamilioni, hiyo ni hiari yake, na simlaumu. Linalonichoma ni gari lililonunuliwa kwa pesa zetu. Serikali hununua magari yake makubwa yakiwa mapya, yaani hubeba ile miaka ya mwanzo ambayo thamani hushuka kwa kasi zaidi, kisha huyauza mnadani kwa bei ya chini. Hasara ya katikati haionekani kwenye bajeti yoyote. Bajeti huonyesha ununuzi. Mnada hutangazwa gazetini. Hakuna anayeketi kutoa moja kwenye nyingine.

Jaribio la kuachana na magari hayo makubwa lilikuwepo. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba mawaziri na maofisa wakuu watatumia magari ya injini isiyozidi cc 1800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Mawaziri kadhaa walikawia kurudisha magari yao makubwa, wengine wakilalamikia barabara za mashambani. Haikuchukua miaka mingi Prado na V8 zikarejea. Julai 2024 Rais William Ruto naye akasimamisha kwa miezi 12 ununuzi wa magari mapya ya serikali, isipokuwa ya usalama. Kusimamisha kwa mwaka mmoja huahirisha hasara tu. Mwaka ukiisha, milango ya maduka ya magari iko wazi.

Hoja ya barabara mbaya naiheshimu. Daktari anayepanda vilima vya Masaba wakati wa mvua anahitaji gari lenye nguvu. Lakini gari lenye nguvu na gari la kifahari ni vitu viwili. Pikapu ya Land Cruiser isiyo na mapambo hufika kila mahali, hutengenezwa na fundi yeyote, na ikiuzwa baada ya miaka kumi bado hurudisha pesa nzuri. Barabara ikitumiwa kuhalalisha viti vya ngozi, ni mgonjwa wa huku huku anayepunguziwa dawa.

Wengine wanapendekeza kukodisha, kama serikali ilivyoanza kufanya kwa magari ya polisi mwaka 2013. Kukodisha hakufuti hasara, maana mwenye gari huiingiza kwenye malipo ya kila mwezi. Faida yake ni kwamba gharama inaonekana. Hata hivyo, kaunti inaweza kupata uwazi huo bila kukodisha chochote. Kila mwaka makadirio ya bajeti hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkazi wa Masimba anaweza kuomba orodha ya ukurasa mmoja: kila gari la kaunti, bei lililonunuliwa, mwaka, pesa zilizotumika kulitengeneza, lipo barabarani au limewekwa juu ya mawe, na lile lililouzwa lilileta kiasi gani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara nyingi magari ya kaunti mbalimbali yaliyokwama uani. Orodha hiyo ikiwekwa mezani kabla ya ombi la magari mapya, diwani atalazimika kueleza kwa nini la zamani lilipoteza mamilioni kabla hajaomba lingine.