AROSTO SI JINI: TUACHE KUWAFUNGIA VIJANA WETU



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi wa Nakivale na Mbarara,

Kuna jambo tunalifanya kwa nia njema na imetupasa tuliache. Kijana akigundulika anatumia unga, au amezoea vidonge vya tramadoli, nyumba nzima hufunga mdomo kwa aibu. Usiku anafungiwa chumbani, asubuhi anaitwa ustadhi amsomee. Akianza kutetemeka na kupiga kelele tunaambizana, "Hao wanatoka!"

Hatuwasemi wengine tu. Sisi wenyewe tuliwahi kuitwa kwenye nyumba moja hapa kambini. Kijana alivunjika mguu kwenye bodaboda, akapewa vidonge vya maumivu, na mguu ulipopona vidonge havikuachika. Tulimsomea siku tatu huku anatapika na kuharisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumpa maji yenye chumvi na sukari. Tuliona jini linaloshindwa, kumbe ni mtoto wa watu anayekaukiwa. Alhamdulillaah alisalimika, lakini si kwa busara yetu.

Hatukanushi majini wala hatukanushi kusoma. Tunachokanusha ni kuupa ugonjwa jina lisilo lake halafu tukaridhika. Hali ile watu wa pwani huiita arosto, na asili yake iko ubongoni.

Katika ubongo wa kila mmoja wetu kuna kemikali iitwayo glutamati, ambayo kazi yake kubwa ni kuamsha. Seli moja huiachia, seli jirani huipokea kwenye vipokezi vyake, nayo huamka. Aina moja ya vipokezi hivyo huitwa NMDA, na ina kazi kubwa katika kujifunza na kukumbuka. Mtoto anapohifadhi sura madrasa, vipokezi hivyo vimo kazini. Heroini, mofini, pethidini na tramadoli hushika vipokezi vingine, na huzituliza seli. Lakini ubongo haukubali kutulizwa kila siku. Huongeza nguvu upande wa kuamsha. Ni kama mlango unaosukumwa na watu wawili, kila mmoja upande wake: huyu akizidisha na yule anazidisha, na mlango hausogei. Sasa mwondoe mmoja ghafla, uone mwingine atakavyoanguka ndani na mlango wake.

Hiyo ndiyo arosto. Kwenye shina la ubongo kuna fungu dogo la seli linaloutia mwili tahadhari. Dawa ilikuwa imelinyamazisha. Ikikatika, glutamati hulifurikia nalo linawaka. Moyo unakwenda mbio, jasho na makamasi yanamtoka, vinyweleo vinasimama, usingizi unapotea. Kwa heroini huanza baina ya saa 6 na 12 tangu mara ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, na hupungua ndani ya wiki moja. Iangalieni vizuri hesabu hiyo, kwani ndiyo hesabu ya siku ambazo "jini" hutuaga! Na tramadoli ikinywewa kwa wingi huweza kuleta degedege. Nani kati yetu ameona degedege asitaje shetani?

Mwaka 1991 watafiti wawili huko Marekani, Keith Trujillo na Huda Akil (mama mzaliwa wa Damascus), waliwapa panya mofini pamoja na dawa inayoziba vipokezi vya NMDA. Mofini iliendelea kutuliza maumivu, lakini panya hawakujenga uteja kama wale waliopewa mofini peke yake. Dawa ile haifai kwa binadamu, na hatuitaji ili mtu aitafute. Tunauliza tu: panya wale nao waliondolewa majini?

Kuna hatari kubwa kuliko arosto yenyewe. Kijana akitoka chumbani baada ya wiki mbili, sote tunasema amepona. Mwili wake umeshasahau kiwango cha zamani, lakini ubongo haujasahau. Njia zile za glutamati zimehifadhi kila kitu, na akimwona rafiki wa zamani au akipita pale alipokuwa akinunua, hamu inampanda. Anarudia kipimo kilekile cha zamani, na pumzi inakatika. Kufuli letu ndilo lililomwandalia kifo hicho, kisha tunaandika msibani kuwa ni ajali.

Tiba ipo. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hufanya kazi polepole, na humwezesha mtu kuswali, kusoma na kufanya kazi bila arosto. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011. Uganda ilifungua kliniki yake ya kwanza Butabika, Kampala, mwaka 2020. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mbona mofini ya maji, ambayo Mobile Hospice ya Mbarara imewapelekea wagonjwa wa saratani tangu 1998, hatuiiti ulevi? Au huruma yetu ni kwa mgonjwa asiyetutia aibu tu?

Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita kama 270, na methadoni mwanzoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mkimbizi wa Nakivale ataifikiaje? Hapo ndipo zielekezwe kelele tunazozipoteza kumkemea teja. Viongozi wa misikiti na wa jamii zetu, Wasomali, Wakongo, Warundi, waidai huduma hiyo isogezwe huku kwetu. Na kwa leo, hospitali ya rufaa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili. Mpelekeni huko kabla hamjamkatia dawa ghafla.

Mkituita kusoma tutakuja. Ila mlango usiwe na kufuli, jagi la maji liwe kando ya kitanda, na nauli ya Mbarara iwe imeshawekwa mfukoni mwa baba.

Wabillaahi tawfiiq.