Unayeuza nyasi bandia mtandaoni, mteja hanunui kapeti, ananunua uwanja

Wafanyabiashara wenzangu, leo naomba tuambiane ukweli, hasa sisi tunaouza nyasi bandia.

Posti zetu zinafanana. Picha ya kijani kibichi, bei ya mita moja ya mraba, "tunatuma mikoa yote", namba ya WhatsApp, basi. Mteja anakuja inboksi: "Nina eneo nyuma ya nyumba, nataka watoto wacheze mpira." Unamuuliza mita ngapi, unazidisha, unapokea hela, mzigo unaondoka. Kwa maoni yangu, ukiuza hivyo hujauza uwanja. Umeuza ugomvi ambao utakurudia mvua zikianza.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nauza mzigo tu, mambo ya fundi hayanihusu." Sawa. Lakini maji yakituama pale, mteja hatalaumu udongo wake. Atapiga picha lile dimbwi na kuitagi akaunti yako. Fundi hana ukurasa, wewe unao.

Uwanja unaanzia chini. Udongo laini wa juu unaondolewa, zinamwagwa kokoto, zinashindiliwa kwa mashine, halafu vumbi la kokoto linasawazishwa juu yake. Unaachwa mteremko mdogo, kama sentimita 1 kwa kila mita, ili maji yajue pa kwenda. Ukitandika juu ya udongo mtupu, ardhi inadidimia huku, inabaki juu kule, na maungio yanaanza kuachia. Kama uani kuna zege au pevingi tayari, kazi inapungua, ila bado uliza maji yanaelekea wapi, na umwambie mteja kwamba mtoto akianguka hapo ataumia zaidi.

Pili, nyasi si nyasi tu. Za mpira wa miguu huwa na nyuzi za milimita 40 hadi 60, na katikati humwagwa mchanga na punje za mpira ili nyuzi zisimame. Za bustani ni za kupendezesha. Ukimpa mtu za bustani kwa ajili ya mechi za kila jioni, zitalala mapema na zitakuwa kama mkeka. Na mteja akitaka mpira wa kikapu, usimuuzie nyasi ndefu, maana mpira haudundi humo. Mwambie zege laini linamfaa zaidi. Ndiyo, umepoteza oda. Lakini mtu uliyemwambia usinunue, kesho akikwambia nunua, huyo anakuamini.

Tatu ni hesabu, na hapa ndipo wengi tunagombana na wateja. Chukua uwanja wa mita 6 kwa 10. Kikokotoo kinasema mita 60 za mraba. Lakini roli lako lina upana wa mita 4. Ukitandika kwa urefu, unahitaji vipande viwili vya mita 10, yaani mita 80 za mraba. Ukitandika kwa upana, vipande vitatu vya mita 6, yaani 72, ila maungio yanakuwa mawili badala ya moja. Ukiwa na roli la mita 2, vipande vitatu vya mita 10 vinatimiza 60 kamili, na maungio ni mawili vilevile. Tuseme unauza shilingi 30,000 kwa mita. Mteja uliyemwambia 1,800,000 unarudi kumwambia 2,400,000. Hapo atakuona tapeli hata kama hesabu yako ni sahihi. Mwambie mapema, na umwachie mabaki yake. Yanafaa barazani, na wauzaji wa viatu na vipodozi wanayapenda kwa kupigia picha za bidhaa.

Kuna na gundi, utepe wa maungio, mchanga, usafiri wa kokoto na hela ya fundi. Usipoviandika, kwa mteja havipo. Kumbuka pia nyuzi hulala upande mmoja. Vipande vyote vielekee upande huohuo, la sivyo uwanja utaonekana una rangi mbili, na atasema umemchanganyia mzigo.

Halafu tuache kuandika "haina usumbufu kabisa". Nyasi bandia hupata joto kali juani kuliko nyasi za asili. Saa saba mchana mtoto asiye na viatu ataruka kama yuko juu ya kikaango. Zinataka kivuli, kupigwa brashi na kuoshwa. Mteja akijua haya kabla ya kulipa, ni maelezo. Akiyajua baada ya kulipa, ni malalamiko.

Kwa hiyo kabla hujapokea hata advansi, uliza haya manne:

1. Mtacheza mchezo gani, na nani watacheza?
2. Chini kuna nini: udongo, zege au pevingi? Tuma picha.
3. Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi?
4. Urefu na upana ni kiasi gani, kila upande peke yake?

Asipokuwa tayari kujibu, usiharakishe muamala. Wengine watakwambia unachelewesha mauzo. Mimi naona hela ambayo kesho utaombwa uirudishe haijawa mauzo bado.

Na hii si ya nyasi peke yake. Anayeuza pazia aulize dirisha, anayeuza tangi la maji aulize litakaa juu ya nini. Bidhaa yako inakwenda kuishi mahali fulani. Pajue.

Wewe unauza nini, na ni swali gani hupokei hela kabla hujaliuliza? Tuandikie kwenye komenti, mwenzako ajifunze.