Tusiwe Njia ya Kupitishia Mali

Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupita Tunduma, wilaya jirani na mashamba ya kahawa ya Igamba, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Ng'ambo, shaba na kobalti ya Kongo hugeuzwa betri za magari ya umeme, nasi huzinunua kwa bei apangayo mwenye kiwanda. Mkulima wa kahawa Igamba na wa karafuu Pemba wanaujua vyema uchungu huo.

Aprili 2022, Zambia na Kongo zilitia saini mkataba wa kutengeneza betri kwa pamoja. Sisi tunayo nikeli Kabanga na kinywe Mahenge. Twaishauri Serikali ibishe hodi mapema. Umoja ulioijenga TAZARA hauwezi kushindwa na kiwanda.