Hazijafa Hizo Hedifoni

Mdogo wangu alikuja kwangu Jumapili na kasha la hedifoni zisizo na waya, zile ndogo za kuchomeka masikioni. "Dada, hizi zimekufa. Kila nikitoka nje zinakatakata, hasa ya kushoto. Mwisho wa mwezi nanunua nyingine." Nikamwambia aniachie siku moja. Sababu alizokuwa amebeba kichwani ndizo ninazozisikia kila siku kazini na mtaani, na watu wanatupa hela zao kwa ajili ya hizo.

Wanasema ni bando. Sivyo. Bluetooth ni redio ndogo baina ya simu na sikio lako, na mnara wa kampuni ya simu haumo kabisa katika mazungumzo hayo. Kama una shaka, cheza wimbo uliokwisha kuuhifadhi kwenye simu yenyewe. Ukikatika huo pia, usiongeze bando, hutapata kitu.

Wanasema boksi limeandika mita 10, na simu iko mfukoni, basi umbali hauwezi kuwa tatizo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na siwalaumu, kwa sababu boksi halisemi mambo yote. Mita hizo hupimwa pasipo na kizuizi. Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi ya masafa hayo humezwa na maji. Mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji. Ukiweka simu mfuko wa nyuma wa kulia, sauti inayokwenda sikio la kushoto inakutana na nyonga, tumbo na kifua chako mwenyewe. Sebuleni huoni shida, kwa kuwa mawimbi yanagonga ukuta na dari na kurudi, yakifika sikioni kwa njia ya kuzunguka. Ukitoka uwanjani hakuna ukuta wa kuyarudisha. Ndiyo maana hedifoni zilezile zinaimba vizuri kitandani na kukwama barabarani, na mtu anaapa kwamba zimeharibika njiani.

Nilitoka na mdogo wangu hadi barabarani. Simu ikiwa mfuko wa nyuma, hatua ishirini hazikuisha kabla ya kushoto kukata. Tukaihamishia mfuko wa shati, upande wa kushoto. Tukaenda mpaka kituoni na kurudi, haikukata hata mara moja.

Kwenye daladala iliyojaa kuna jambo la pili. Masafa hayo ni ya wote: Wi-Fi imo, hedifoni za jirani zimo, na nyumbani maikrowevu imo. Bluetooth ya muziki hujihami kwa kurukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejua kuziepuka chaneli zenye fujo. Lakini fujo ikienea kila mahali, pa kurukia panapungua. Hapo hapana cha kutengeneza. Sogeza simu karibu na masikio, basi.

Wauzaji nao wanasema: nunua zenye Bluetooth 5, hizo hazikati. Toleo hilo lilitoka mwaka 2016, na umbali mkubwa unaotangazwa ulihusu upande wa matumizi madogo ya umeme, si njia ya kawaida ambayo hedifoni nyingi hupokelea muziki. Tena mawasiliano ni ya pande mbili, na simu ya zamani haigeuki mpya kwa kununuliwa hedifoni.

Ipo pia ile ya "zima, washa, itakaa sawa". Mara nyingine husaidia, lakini kumbukumbu za kuunganishwa zinakaa pande zote mbili. Ukizifuta hedifoni kwenye orodha ya simu peke yake, zenyewe bado zinaweza kushikilia ya zamani. Futa kwenye simu, kisha zirudishe hedifoni katika hali ya kiwandani kama kikaratasi chake kinavyoelekeza, ndipo uunganishe upya. Na uangalie kompyuta ya nyumbani au simu ya mwenzio iliyowahi kuunganishwa nazo. Huenda ndiyo inayozivuta.

Nimebakiza lile la kwamba zimekufa. Hii ya mdogo wangu ya kushoto ilikuwa na kasoro nyingine ndogo: chini yake kuna vichuma viwili vya rangi ya dhahabu vinavyogusa pini za kasha ili ichajiwe, na kimojawapo kilikuwa kimefunikwa na nta ya sikio iliyoganda pamoja na vumbi. Ilikuwa inalala kwenye kasha bila kupata chaji ya kutosha. Nilikifuta kwa kijiti kikavu cha pamba, nikafuta na pini.

Betri ndogo kama zile huchoka kweli. Zikizimika baada ya muda mfupi kwenye simu yoyote, ilhali vichuma ni safi na kasha limejaa, hapo nakubali kwamba umri wake umekwisha. Kwa hiyo kabla hujatoa hela dukani, azima simu ya mwenzio nusu saa, iweke mfuko wa shati, utembee nayo nje. Zisipokata, hedifoni zako ni nzima.