Mtoto Mahututi Hangoji Zamu



Tumelelewa kuheshimu foleni. Aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa, na arukaye zamu huonekana hana adabu. Adabu hiyo ni njema dukani na benki. Katika mapokezi ya hospitali yaweza kugharimu uhai, kwani mtoto aliyezidiwa hubadilika kwa dakika, wala hana kauli ya kujitetea.

Hilo ndilo linaloshughulikiwa na mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yajulikanayo kwa kifupi kama ETAT, yaani kumtambua mtoto mahututi na kumpa tiba ya dharura. Wahudumu hufundishwa kumtazama kila mtoto mara tu afikapo, na kuwagawa watoto katika mafungu matatu: wa dharura, ambaye hutibiwa papo hapo, wa kutangulizwa, na awezaye kungoja. Kwa yule wa dharura, huanza na njia ya hewa, kisha upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, degedege na upungufu wa maji. Mpangilio huo una sababu: kwa watoto, mara nyingi pumzi ndiyo hushindwa kwanza, moyo ukafuata.

Huko Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilipopanga upya mapokezi ya watoto na kuwafundisha wahudumu wake, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8.

La kuzingatia ni kwamba mafunzo haya hayawahusu madaktari peke yao. Karani na mlinzi wa lango nao huelekezwa dalili za hatari, kwa kuwa ndio wamwonao mtoto kwanza. Na kabla ya mlinzi, yupo mzazi.

Basi zijue dalili hizo: kupumua kwa shida, ulimi au midomo kuwa ya buluu, mikono kuwa baridi na mwili kulegea, kutoamka aitwapo, degedege, na kwa mwenye kuharisha, macho kutumbukia. Ukiona mojawapo, usiketi benchini ukisubiri jina lisomwe. Nenda mbele, useme kwa sauti: "Mtoto wangu amezidiwa." Hapo hujamvunjia mtu heshima.

Nanyi mliotangulia, mpisheni. Zamu yenu itarudi baada ya dakika chache. Yake huenda isirudi.