Mtoto Alikuwa Amelala

Mwezi huu sina habari ya mchumba msaliti wala ya mawifi. Nina habari ya kompyuta, lakini usifunue ukurasa kwanza, maana na mume yumo.

Mnajua nina steshenari yangu hapa Peramiho, si mbali na hospitali. Nachapa barua, natoa kopi, na kuanzia Juni, mahindi yakishaingia ndani, ni kadi za harusi na kicheni pati mpaka usiku. Sasa mwezi wa nne radi ilipiga, kompyuta ikazima na haikuwaka tena. Fundi wa Songea mjini akaipima, akasema mazabodi imekufa ila prosesa na diski ni nzima. Mazabodi ndiyo ule ubao mkubwa ambao vitu vyote vimechomekwa juu yake. Prosesa ndiyo ubongo, na juu yake hukaa chuma cha kupoza joto na feni yake.

Nikaagiza mazabodi nyingine Kariakoo, ikaja na basi hadi Songea, halafu daladala kilomita kama 24 mpaka kwangu. Nilihakikisha soketi ni ileile, AM4, kwa sababu prosesa yangu ni Ryzen 3 2200G ya AMD. Hapo usikosee shoga. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, haipokei prosesa ya AM4 hata uibembeleze vipi.

Tatizo ni kwamba hela niliyotumia ilikuwa ya bati. Baba K hakujua mpaka alipoiona risiti. Jamani, hakugomba. Alinyamaza! Siku tisa tukawa tunazungumza kupitia kwa mtoto. "K, mwambie mama yako naenda karakana." "K, mwambie baba yako chakula kipo mezani." K ana miaka sita, na kufikia siku ya nne alikuwa anatudai pipi kwa kila ujumbe.

Siku ya kumi, saa tatu usiku, nikaamua kuihamisha prosesa mwenyewe. Nilikuwa bado nina hasira. Nikafungua skrubu nne za feni, nikashika, nikavuta juu kwa nguvu. Ikaja yote! Prosesa imeng'ang'ania chini ya chuma kama ukoko wa wali, na kile kiwenzo cha soketi bado kimefungwa. Kumbe ile pesti inayopakwa katikati ikikaa miaka inakauka na kuwa gundi. Ilitakiwa niipashe joto kwanza, kisha nizungushe kulia na kushoto kama mfuniko wa chupa, ndipo ninyanyue. Chini ya prosesa ya AM4 kuna vijiti 1331, vyembamba kama nini sijui. Vitatu vilikuwa vimelala.

Nikageuka nimtume K. K kalala.

Nilikaa pale kwenye kigoda muda mrefu, nawaambia ukweli. Kisha nikaenda mpaka mlango wa chumbani. "Baba K, nimeharibu."

Baba K ni seremala. Mji wetu ni mji wa mafundi, misheni ya Wabenediktini iliyoanza hapa mwaka 1898 ilikuja na karakana zake, na ana mikono ambayo haitetemeki. Hakusema neno. Alitazama, akanyoosha mkono nimpe draya yangu ya nywele, halafu wembe mpya na tochi. Akakipasha moto kile chuma, akaizungusha prosesa kidogo kidogo mpaka ikaachia. Kisha akapitisha wembe kati ya mistari ya vijiti, akiinua kimoja baada ya kingine hadi kikasimama sawa na wenzake. Dakika arobaini. Kijiti kikikatika hapo mara nyingi ndiyo kwaheri ya prosesa, kwa hiyo mimi nilishika tochi na kupumua kwa zamu.

Tukafuta pesti ya zamani kwa pamba na spiriti. Kona moja ya prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu. Inaelekezwa kwenye alama kama hiyo kwenye soketi, kiwenzo kikiwa juu, na prosesa inazama yenyewe bila kukandamizwa. Pesti mpya, kiasi cha punje ya mbaazi. Halafu likaja jambo ambalo peke yangu nisingeliweza. Ili feni ile ikae, unatoa vishikizo vya plastiki vya mazabodi, na ukivitoa, bamba la chuma la nyuma linadondoka. Lazima mtu alishike kwa chini wakati mwingine anafunga skrubu kwa juu, mshazari, kila moja kidogo kidogo.

"Shika hapa," akasema. Siku kumi, wapenzi wangu, hilo ndilo neno la kwanza.

Nikachomeka waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN, tukawasha. Kioo kikawaka. Bayosi ikaonyesha nyuzi 41, na kadi zangu zote zilikuwa salama kwenye diski.

"Sasa hela ya bati inarudi lini?"

Nikamwambia kuna kadi za harusi mbili zinalipwa Jumamosi.

"Hizo zinatoa bati ngapi?"

Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu mpaka saa saba usiku. Bati nne. Nyumba inataka kumi na nane, na mvua za Desemba hazimsubiri mtu.

Asubuhi K aliamka, akaenda kwa baba yake kuuliza kama kuna ujumbe.